Mto wa Matope Hauhitaji Lenzi Ndefu

Kijana wa Kakamega anayetaka kupiga picha za viumbe wadogo wa mtoni asianze kwa kununua lenzi ya makro ya milimita 100. Nasema hivyo nikijua nitawaudhi wenye maduka na nusu ya wapiga picha wenzangu, kwa sababu lenzi hiyo ndiyo inayosifiwa kila mahali panapozungumzwa picha za karibu. Sifa zake ni za kweli, ila ilizipatia kwingine: kwa vipepeo wa nchi kavu na kwa samaki wa bahari yenye maji maangavu. Hapa kwetu, katika Isiukhu, Yala na vijito vinavyoingia humo, kinachoharibu picha ni maji yenyewe yaliyo kati ya lenzi na mdudu. Mwenye kupata picha ni yule anayejua kuyapunguza maji hayo.

Riziki yangu ni harusi na matanga. Anayeijua kaunti hii anajua kwamba mazishi hayaishi bila picha: familia ya kwanza, familia ya pili, wajukuu, wakwe, kanisa, chama cha akina mama, na mwisho mheshimiwa aliyechelewa kufika. Kazi hiyo imenipa kamera ya sensa ndogo, lenzi ya milimita 50 na nyingine ya kuvuta ya milimita 55 hadi 250. Siku zisizo na msiba wala ndoa navaa gambuti, natia vifaa begini na kuteremka mtoni. Wateja wangu wamezoea kuniuliza, "Fundi, kwani huko mtoni kuna nini?"

Kuna mengi. Geuza jiwe moja taratibu kwenye kijito cha pembezoni mwa msitu na utakuta tunutu wa kereng'ende akiwa amejibana, mdomo wake wa chini umekunjwa tayari kufyatuka na kunasa windo. Kuna buu ambaye hujijengea nyumba ya chembe za mchanga na vipande vya majani, akaivaa na kutembea nayo. Kuna konokono wadogo, viluwiluwi vya vyura, na kaa wa mtoni ambaye, tofauti na wale wa baharini, haachi watoto wake waelee majini. Huwabeba chini ya tumbo hadi wawe kaa kamili, kila mmoja akiwa na upana wa milimita chache tu. Watalii hupita Buyangu na Isecheno katika Msitu wa Kakamega wakitazama juu, wakitafuta mbega na ndege. Chini ya miguu yao hakuna anayetazama.

Kutotazama huko kuliwahi kuigharimu nchi hii. Usubi wa aina ya Simulium neavei, anayeeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni, alipewa jina la kisayansi mwaka 1915. Wataalamu walimjua akiwa mkubwa, akiruka na kuuma watu katika mabonde ya magharibi mwa Kenya, Kakamega na Kaimosi yakiwemo. Mabuu wake hawakuonekana. Walitafutwa kwenye mawe na majani ya majini, mahali ambapo mabuu wa usubi wengine hupatikana, na hawakuwapo. Ni mwaka 1950 ndipo watafiti van Someren na McMahon walipoandika katika jarida la Nature kwamba mabuu hao huishi wamejishikiza kwenye mwili wa kaa wa mtoni. Siri iliyowapiga watu chenga kwa miaka 35 ilikuwa mgongoni mwa mnyama ambaye kila mtoto aliyechunga ng'ombe kando ya mto amewahi kumshika.

Baada ya hapo mito ilitiwa dawa ya DDT, na mwaka 1958 McMahon na wenzake wakatangaza katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba usubi huyo ametokomezwa Kenya. Kuhusu DDT na yaliyowapata viumbe wengine tungeweza kubishana kutwa nzima. Ninachotaka msomaji akishike ni kidogo zaidi: jambo kubwa la afya ya umma lilitatuliwa na mtu aliyeinama akatazama kitu cha milimita chache kwa makini. Kwa hiyo anayeniambia kwamba picha za wadudu wa mtoni ni mchezo wa watu wasio na kazi, namwelekeza kwa huyo kaa.

Sasa tuje kwenye vifaa, na tuanze na maji.

Maji hupinda mwanga kuliko hewa. Ukitazama kupitia kioo bapa, kitu kilicho sentimita 20 ndani ya maji huonekana kana kwamba kiko sentimita 15. Ndiyo maana mtoto anayejaribu kushika samaki kwenye beseni hukosea umbali. Kamera iliyo ndani ya kasha lisiloingiza maji, lenye dirisha bapa, hudanganyika vivyo hivyo. Kwa picha za karibu udanganyifu huo una faida, kwa sababu kiumbe huonekana mkubwa zaidi kwa takriban theluthi. Hasara yake ni kwamba umbali halisi kutoka kwenye lenzi hadi kwa kiumbe ni mrefu kuliko ule ulioandikwa kwenye karatasi ya lenzi. Pale ulipodhani una sentimita 15 za maji, una 20.

Katika maji maangavu hilo si neno. Katika Isiukhu ni balaa. Mvua hapa hunyesha karibu mwaka mzima, na ikinyesha, udongo mwekundu wa mashamba huteremkia mtoni. Kuna siku huoni kiganja chako ukikizamisha hadi kwenye kiwiko. Hata mwezi wa Januari, mto unapokuwa mtulivu, bado kuna chembe zinazoelea ambazo jicho halizioni, lakini flashi ikiwaka zinaijaza picha nzima madoadoa meupe.

Hapo ndipo lenzi ndefu inaposhindwa. Ili kupiga kiumbe kwa ukubwa wake halisi, yaani mdudu wa milimita 10 achukue milimita 10 za sensa, lenzi ya Canon ya milimita 100 inayotajwa zaidi hufokasi kwenye sentimita 30 kutoka kwenye sensa. Ile ya milimita 60 iliyotengenezwa kwa sensa ndogo hufokasi kwenye sentimita 20. Kwa Nikon, ya milimita 105 inahitaji sentimita 31.4 na ya milimita 60 inahitaji 18.5. Vipimo hivyo huanzia kwenye sensa, kwa hiyo ukiondoa urefu wa lenzi yenyewe, tofauti ya maji unayopiga kupitia ndani yake ni kubwa: lenzi fupi inaweza kukuachia nusu ya maji ya lenzi ndefu, au hata chini ya hapo. Mahali unapoona sentimita chache tu, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na ukungu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lenzi ya milimita 100 ina kazi yake. Inakuweka mbali na kiumbe mwoga, na inakuachia nafasi ya kuingiza mwanga kutoka pembeni bila kivuli cha kasha lako kumwangukia. Mtu akiniambia anaelekea Watamu au Malindi, ambako hifadhi za bahari zilitengwa tangu mwaka 1968, nitamwambia aibebe bila kusita. Huko kuna samaki wadogo wanaochungulia kwenye vitundu vya matumbawe na kurudi ndani ukisogea kidogo tu, na kuna konokono wa baharini wasio na gamba, wa rangi ambazo hata kitenge hakina. Maji ni maangavu, na umbali ni rafiki. Lakini Watamu iko karibu kilomita elfu moja kutoka hapa. Ushauri wa Watamu hautufai kwa sababu tu uliandikwa kwa maneno yenye kujiamini.

Badala yake, nashauri lenzi ya nyongeza. Ni kioo kidogo cha kukuza ambacho hufungwa mbele ya lenzi uliyo nayo tayari. Nguvu yake hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa darasa la saba ataifanya: gawanya mita moja kwa idadi ya dayopta, upate umbali wa mbali kabisa ambao lenzi yako itafokasi ukiifunga. Dayopta 2 ni nusu mita. Dayopta 4 ni sentimita 25. Dayopta 10 ni sentimita 10. Haijalishi umeifunga kwenye lenzi gani, dayopta 10 haitakuruhusu kukaa mbali na kiumbe zaidi ya sentimita 10.

Wengi huiona hiyo kuwa kasoro. Kwa mto wa matope ndiyo faida yenyewe. Lenzi ya nyongeza inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inakuza, na inakulazimisha usogee karibu, hivyo maji yanapungua. Aliyekwisha kununua ile ya milimita 100 hana haja ya kuiuza. Akiifunga dayopta 10 mbele yake, hata akiwa amefokasi mbali kabisa, tayari anapata ukubwa halisi. Akisogeza fokasi karibu, anauzidi.

Hesabu ya ukuzaji pia ni rahisi. Chukua urefu wa lenzi yako kwa milimita, ugawanye kwa umbali ule wa dayopta, nao kwa milimita. Lenzi yangu ya kuvuta ya harusi, nikiivuta hadi 250 na kufunga dayopta 4, ambayo ni milimita 250, napata moja kamili: ukubwa halisi, bila kununua lenzi ya makro. Nikifunga Raynox DCR-250, ambayo ni dayopta 8, ukuzaji ni mara mbili. Lenzi ya milimita 50 yenye dayopta 4 inafika moja ya tano tu. Ndiyo maana watu hufunga kioo hicho kwenye lenzi fupi, wakaona hakuna kilichobadilika, wakakitupa. Kosa haliko kwenye kioo.

Ukinunua, epuka zile seti za bei rahisi za vioo vinne vinavyofungwa juu kwa juu. Kila kimoja ni kioo kimoja kitupu, nacho huacha michirizi ya zambarau na kijani kwenye kingo za kila kitu kinachong'aa, na kiluwiluwi kizima hung'aa. Tafuta kilichotengenezwa kwa vioo viwili au zaidi vilivyopangwa ili kusahihishana. Bei yake ni juu kidogo, ila bado ni sehemu ndogo ya bei ya lenzi ya makro.

Kuna pia pete za kurefusha, mirija mitupu isiyo na kioo inayowekwa kati ya kamera na lenzi. Hizo zinafaa lenzi fupi: milimita 25 za pete kwenye lenzi ya milimita 50 zinakupa nusu ya ukubwa halisi. Hazina kioo cha kuharibu ubora, lakini hula mwanga, na zikishafungwa ndani ya kasha huwezi kuzitoa ukiwa majini. Ukikutana na kaa mzima wakati umejiandaa kwa buu, umekwisha. Lenzi ya nyongeza iliyotengenezwa kwa ajili ya majini hufungwa nje ya kasha, na unaweza kuivua na kuivaa palepale majini.

Nasisitiza: iliyotengenezwa kwa ajili ya majini. Hapa wengi wanapoteza pesa. Nguvu ya kioo cha kukuza inatokana na tofauti kati ya kioo na kilichokizunguka. Kioo cha kawaida kikitoka hewani na kuzamishwa majini, pande zote mbili zikiguswa na maji, hupoteza karibu theluthi mbili za nguvu yake. Dayopta 8 uliyoilipia inakuwa kama dayopta 3, na juu ya hayo maji yanapenya kati ya vioo na kuacha ukungu usiotoka. Zile za majini, kama Inon UCL-165 au Nauticam SMC-1, zimezibwa na kuhifadhi hewa katikati, ndiyo sababu nguvu yake haipotei na ndiyo sababu ni nzito na ghali.

Jambo hilo hilo linahusu simu. Vijana wengi wana vile vilenzi vya kubana mbele ya kamera ya simu. Ukitaka kukitumia majini, kibane kwenye simu kwanza, kisha utie vyote viwili ndani ya mfuko usioingiza maji, kilenzi kikiwa kikavu na kikigusa plastiki. Kikikaa nje ya mfuko, kimekufa. Na mwenye uwezo kidogo zaidi asiyetaka shida ya makasha na pete, atafute kamera ndogo za aina ya Olympus TG-6 au mdogo wake TG-7. Huzama hadi mita 15 bila kasha lolote, na hufokasi kuanzia sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Wajuzi huzidharau kwa sababu ya sensa yake ndogo. Mimi nimeona picha zake za mtoni, na siwezi kuzidharau.

Ukuzaji una gharama yake, na muuzaji haitaji. Kadiri unavyokuza, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba. Kwa sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, ukipiga kwa ukubwa halisi na kitundu cha f/16, unapata kama milimita 2 tu zilizo wazi, mbele hadi nyuma. Ukikuza mara mbili haifiki milimita 1. Jicho la tunutu litakuwa wazi na mguu wake utakuwa moshi. Na usidhani utajiokoa kwa kubana kitundu zaidi: kwa ukubwa halisi, f/16 tayari inafanya kazi kama f/32, na ukibana kupita hapo picha nzima inapoteza ukali. Dawa ni kumpiga mdudu kwa ubavu, mwili wake ukiwa sambamba na sensa, na kuchagua mapema ni sehemu gani ya mwili itakayobeba picha. Kwangu ni jicho, isipokuwa kwa wale wadudu ambao mapezi yao ya kupumulia ndiyo habari yenyewe.

Mwanga ni nusu ya kazi. Flashi iliyo juu ya kamera, ikimulika moja kwa moja mbele, ni taa kamili za matatu kwenye ukungu wa Nandi: dereva anaona weupe mtupu. Itoe flashi pembeni, iwe upande wa kiumbe na si upande wako, mwanga ukate mbele ya lenzi badala ya kuyamulika maji yaliyo katikati. Tochi ya majini yenye mwanga mpana, ikishikwa na mwenzako kwa pembeni, inatosha kabisa kwa anayeanza. Kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja kati ya tochi na lenzi, nunua tochi.

Na asiye na kasha? Makasha ya kamera kubwa mara nyingi hugharimu kushinda kamera yenyewe, na sioni mpiga picha wa matanga akiyanunua. Mimi natumia tangi dogo la kioo, jembamba, lenye nafasi ya sentimita chache tu kati ya kioo cha mbele na cha nyuma. Fundi wa vioo atakukatia na kukugundishia asubuhi moja. Linawekwa ukingoni, linajazwa maji ya mto huo huo, unayaacha yatulie hadi tope lishuke, kisha mdudu anaingizwa pamoja na jiwe lake. Kamera inabaki nje, kavu, ikitazama kioo wima bila kuinama. Kitambaa cheusi nyuma ya kamera kinazuia mwakisi wa uso wako. Hapo lenzi yangu ya 250 yenye dayopta 4 inafaa sana, kwa sababu katika zile sentimita 25, karibu zote ni hewa. Hoja yangu haikuwa kuilaani lenzi ndefu. Hoja ni kuhesabu maji.

Ila tangi lina masharti. Mdudu hakai humo zaidi ya dakika chache, kwa sababu maji yaliyosimama hupoteza hewa na kupata joto haraka. Anarudishwa palepale alipotoka, na jiwe linarudishwa kama lilivyokuwa kabla hujaligeuza, kwani wengine bado wamejishikiza chini yake. Kaa mwenye watoto tumboni haguswi. Na ndani ya hifadhi ya taifa ya Buyangu, inayosimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, au upande wa Isecheno unaosimamiwa na shirika la misitu, KFS, usitoe kiumbe chochote majini bila ruhusa. Nje ya msitu kuna vijito vya kutosha vya kujifunzia.

Vijito hivyo ndivyo vinavyonifanya niandike haya kwenye gazeti badala ya kuwaambia wapiga picha wenzangu peke yao. Mito yetu inabeba mengi: udongo wa mashamba ya miwa na mahindi, sabuni ya pikipiki zinazooshwa kwenye vivuko, na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, dhahabu ile ile iliyowaleta wageni hapa miaka ya 1930. Tunabishana kuhusu hali ya mto kwa maneno matupu. Anayeutumia anasema umeharibika, anayeuchafua anasema uko sawa.

Wadudu wa majini hawabishani. Tunutu wa jamii ya Afronurus na ndugu zake, wale wenye mapezi ya kupumulia ubavuni, hawavumilii maji yaliyokosa hewa. Mto ukichafuka wao hutoweka kwanza. Mabuu wekundu wanaofanana na nyuzi huvumilia uchafu, na wakijaa peke yao mahali palipokuwa na wengine wengi, hiyo ni habari mbaya. Afrika Kusini walitunga njia rahisi iitwayo miniSASS, inayotumia makundi 13 ya viumbe kama hao, ili hata watoto wa shule waweze kuupa mto alama. Picha haionyeshi zebaki, na haichukui nafasi ya maabara. Lakini picha ya karibu iliyo wazi, yenye tarehe na jina la kivuko, inaweza kutumwa kwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa mjini naye akamtambua mdudu bila mtu kumuua mdudu huyo. Ikirudiwa mwezi baada ya mwezi mahali pamoja, inakuwa ushahidi.

Najua jibu nitakalopewa: shule hazina madawati, wewe unazungumzia lenzi. Ni kweli. Lakini wazazi wa mtaala wa CBC wamekwisha kuombwa katoni, chupa, gundi na rangi kwa miradi ambayo huishia kwenye pipa la taka Ijumaa. Simu ya mwalimu tayari ipo. Kilenzi cha kubana, mfuko usioingiza maji, tochi na tangi la kioo haviwezi kuishinda shule inayonunua tarumbeta za bendi. Na hakuna haja ya kila shule kuwa na vyake: seti moja kwa kila wadi, ikizunguka, inatosha kabisa. Jumuiya za watumiaji wa maji zinazotambuliwa na sheria nazo zingeweza kuwa na seti yao, na fundi wa picha wa soko la karibu akawafundisha kwa siku moja. Mimi niko tayari, mradi isiwe Jumamosi, siku ya maziko.

Kwa kijana mwenye akiba kidogo anayesoma haya, mpangilio wangu ni huu. Kwanza tochi. Pili, lenzi ya nyongeza ya vioo viwili, dayopta 4 au 8, kwa lenzi ya kuvuta uliyo nayo. Tatu, tangi la kioo. Fanya kazi na hivyo kuanzia Desemba hadi Februari, mvua zikiwa zimepungua na mto ukiwa safi kuliko miezi mingine. Ukifika mahali ambapo vifaa hivyo ndivyo vinavyokuzuia, na si subira yako, ndipo uanze kufikiria kasha, na ukilipata, nunua lenzi ya makro ya milimita 60 kabla ya ile ya 100. Ile ya 100 inunue siku utakapokuwa na nauli ya kwenda pwani.